Zamu ya Fortunée

14 Oktoba 1993

Leo tumezima tanuru ya karakana. Injinia alisema makaa yameisha, yatakuja, tungoje, lakini alikuwa tayari amevaa viatu vyake vya mjini. Mimi ndiye mwashi wa tanuru hii tangu nilipofika hapa Panda, kambi ya wafanyakazi ya Likasi, kutoka Moba, kule ziwani, kijana asiye na ndevu. Kila tofali la moto lililomo ndani nililipanga mimi, au nilimwonyesha mtu pa kulipanga. Tanuru ikipoozwa polepole haiumii. Hii tumeiacha ife yenyewe, mlango wazi, upepo unaingia. Nilitaka kusema kitu, nikakosa wa kumwambia.

Kitabu cha msimamizi kilibaki mezani, nusu yake nyeupe. Nimekichukua. Nitaandika humu Kiswahili tulichofundishwa na mapadre, maana hiki cha Likasi tunakisema tu, kukiandika sijui.

17 Oktoba

Bibiane, mke wangu, amepanga zamu ya kula. Unga hautoshi watu watano. Jioni moja watakula wadogo, Laure wa miaka minane na Ricky wa miaka mitano. Jioni inayofuata watakula wakubwa. Asubuhi ni chai ya mchaichai kwa wote. Nyumba nyingi hapa kambini zinafanya hivyo sasa.

Fortunée ana miaka kumi na minne. Bibiane aliuliza, "Na huyu tunamuweka wapi?" Nilimtazama. Amekuwa mrefu kuliko mama yake. Nikasema akae upande wa wakubwa.

"Sawa, papa," akasema.

20 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanarudi.

2 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilipiga bati mpaka hatukusikiana.

Ilikuwa jioni ya wakubwa. Bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, bila mafuta. Ricky alisimama mlangoni akilia kwa sauti ya ng'ombe, nikataka kumchapa. Fortunée akamsogezea sahani yake. "Kamata," akamwambia. Ricky akala yote, akalamba na vidole.

Georges aliingia bila kubisha, kama desturi yake. Tulifanya kazi pamoja kwenye tanuru miaka yote, na nyumba yake imegusana na yangu.

"Léon, weye uko muntu ya bahati," akasema. "Batoto yangu banataka kula mpaka mulango. Uyu yako haombake hata kintu!"

"Ni mutoto ya kutulia," Bibiane akasema. Alisema kwa fahari.

"Ya kutulia kabisa. Muniuzie! Nitawapa wangu batatu na bibi juu yake."

Tulicheka. Fortunée naye alitabasamu, akaenda kulala. Hapa kwetu mtoto akiitwa wa kutulia, mzazi amesifiwa pamoja naye. Nililala nikiwa na furaha kidogo, kitu ambacho sikukipata tangu tanuru izimwe.

9 Novemba

Shule imefungwa. Walimu hawajalipwa tangu zamani, sasa wamekaa nyumbani. Laure na Ricky wameruka kwa shangwe. Fortunée alikunja nguo yake ya shule, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi na nguo zetu za Pasaka. Bibiane akamwuliza kwa nini anaificha huko. Akasema nguo hiyo haina kazi.

15 Novemba

Mvua. Hakuna habari ya makaa.

28 Novemba

Fortunée analala mchana. Nikiamka alfajiri yuko macho, anatazama bati. Mchana amelala, uso ukutani. Bibiane anasema wasichana wa umri huu wanakua usingizini. Inawezekana. Hafanyi fujo. Akiambiwa achote maji anachota, akiambiwa afagie anafagia, halafu anarudi mkekani.

Zamani alikuwa anaimba. Nimekumbuka leo tu, kwa sababu Laure alianza wimbo wao wa kuruka kamba, akamwita amalizie, naye hakumalizia. Waliuimba yeye na Mbombo, rafiki yake wa dawati moja. Mwaka jana watu wa Kasai walipofukuzwa hapa, ati ni wageni, familia ya Mbombo ililala kwenye sakafu ya stesheni ikingoja gari-moshi, pamoja na maelfu ya wengine. Fortunée alikuwa anawapelekea maji kwa ndoo kila siku. Siku moja alirudi na ndoo imejaa. Treni ilikuwa imeondoka. Hakulia. Tulisema, mtoto ana moyo mgumu, vizuri.

4 Desemba

Mvua, kisha jua kali. Bibiane ameuza saa yangu ya ukutani. Haikuwa ikitembea.

12 Desemba

Embe zimeiva. Likasi yote inakula embe, barabara imejaa kokwa, watoto wana midomo ya manjano. Ricky ameharisha, lakini bado anakula. Mungu asipotupa unga ametupa embe, na embe hazina zamu. Kila mtu anakula mpaka anachoka.

Nilimletea Fortunée moja kubwa, isiyo na nyuzi. Nikaiweka mkononi mwake. Aliishika. Niliporudi kutoka kuoga bado alikuwa ameishika hivyo hivyo, na inzi juu yake.

Nimekaa nikifikiri. Sahani ya bukari akiitoa, nasema ana roho nzuri, anamhurumia mdogo wake. Lakini embe anamhurumia nani?

25 Desemba

Noeli. Misa ilijaa. Georges alileta kuku, sijui ametoka wapi, akasema tusimwulize hata kuku mwenyewe. Fortunée alikaa nasi mezani kwa sababu niliamuru. Alikata nyama vipande vidogo sana, akavipanga, akavipanga tena.

"Mademoiselle anajenga tanuru," Georges akasema.

Hakuna aliyecheka. Ricky akamaliza hiyo nyama.

6 Januari 1994

Ninakwenda Kakanda na Georges. Watu wanaingia usiku kwenye mashimo, wanaokota mawe ya shaba, wanayauza kwa Wazambia na kwa yeyote. Askari wanafukuza, wengine wanalipwa wasifukuze. Nina miaka arobaini na minane na mgongo wa mwashi. Nilimuaga Fortunée. Nilimwambia, "Utulie, umsaidie mama." Nimelisikia neno hilo likinitoka kinywani, sikujua kwa nini limenikera.

23 Januari

Nimerudi. Nina unga nusu gunia, na miguu iliyopasuka. Georges amebaki.

Naandika niliyoyaona, ingawa mkono hautaki.

Uani kwangu palijaa wanawake. Nilifikiri kuna msiba. Nikaangusha gunia kwenye matope. Kisha nikaona Fortunée amekaa kwenye kiti changu, kitambaa cheupe kichwani, macho yamefumbwa. Wanawake walikuwa wamepiga magoti mbele yake, mmoja mmoja, naye anawawekea mkono. Mkono umebaki mifupa. Mama Simone, jirani wa nyuma, anayeongoza kundi la maombi, alikuwa akiimba huku ameinua mikono.

"Papa Léon!" akanipokea. "Bwana asifiwe! Mutoto yako iko na karama!"

"Karama ya nini?"

"Ya kufunga! Shiye tunafunga siku mbili, tumbo inalia. Uyu anafunga bila kufundishwa, na njaa haisikie. Haombe kintu, haseme mubaya, anatulia kama malaika. Umeona mutoto gani ya vile?"

Nilimtafuta Bibiane. Alikuwa jikoni. Karibu na mawe ya kupikia kulikuwa na mabakuli: unga, maharage, dagaa, chupa ya mafuta. Kila aliyekuja kuombewa alileta kidogo.

"Batoto wamekula kila siku tangu uende," Bibiane akasema. Hakunitazama. "Kila siku, Léon. Zamu imekwisha."

"Na Fortunée?"

"Yeye hataki. Nilimlazimisha, akatapika. Ungefanya nini, weye? Ungefanya nini?"

Wanawake walipoondoka nilikaa karibu na binti yangu. Nikamwuliza anaomba nini anapowawekea mkono.

"Siombi, papa. Wananiambia nifumbe macho, nafumba. Nikifumba, wananiacha."

Jioni tulikula maharage yale. Mimi pia nilikula. Nilikuwa na njaa, na yalikuwa na mafuta.

27 Januari

Mvua usiku na mchana. Wanawake wamekuja hata kwenye mvua. Nimesema kesho nitawakataza. Jana pia nilisema hivyo.

29 Januari

Asubuhi mkeka wa Fortunée ulikuwa mtupu. Bibiane alidhani yuko kisimani, mimi nilidhani yuko kwa Mama Simone. Mama Simone alifika na watu wake, akauliza mtoto yuko wapi. Hapo tukatazamana.

Tulimtafuta kambi nzima. Nilikwenda mpaka sokoni Kikula, nikiuliza watu, mmemwona msichana mrefu, mwembamba? Mwuza chumvi mmoja akanijibu, "Papa, hapa benye kunenepa ni wangapi?" Watu wakacheka. Hakukosea.

Ni Laure aliyesema, naye humwita dada yake yaya. "Yaya alikuwa anasema stesheni, usingizini."

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa sakafu ya stesheni, miguu ikining'inia juu ya reli, mvua inampiga. Hakuwa na viatu. Kwenye ukuta nyuma yake bado kuna masizi ya mafiga ya wale watu wa Kasai.

"Unafanya nini hapa?"

"Ninakaa."

"Unamngoja Mbombo?"

"Mbombo hatarudi, papa. Minye najua."

"Basi twende nyumbani."

"Nimechoka."

"Umetembea sana."

"Hapana. Nimechoka kuamka. Nalala vizuri, halafu asubuhi naamka tena."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. Nikatazama reli. Zilikuwa na kutu. Treni hazijapita hapa sijui tangu lini. Kila siku tunazilaani treni zisizokuja. Leo nilishukuru, nikakaa kwenye maji karibu naye. Nimekuwa baba miaka kumi na minne, sikuwa na hata neno moja. Nikamshika kiganja.

Kisha nikambeba mgongoni mpaka Panda. Nilishabeba mifuko ya saruji maisha yangu yote. Huyu alikuwa mwepesi kuliko nusu mfuko.

31 Januari

Tumekwenda zahanati ya kambi. Amebaki muuguzi mmoja, Mama Henriette. Kabati lake la dawa lina paka na watoto wake.

Alimtazama macho, ulimi, akampima. Akamwuliza maswali peke yao, mlango umefungwa, muda mrefu. Akatoka, akaja kwangu.

"Haina malaria. Haina minyoo ya kumfanya vile. Papa, mutoto yako anagonjwa huzuni."

"Huzuni si ugonjwa. Sote tuna huzuni."

"Yako inakukataza kula?"

Nilikumbuka maharage.

"Inaitwa depresio," akasema. "Tulisoma ni ya bakubwa, ya bazungu. Nimeona batoto wengi mwaka hii, sidanganywe tena. Mudogo anavunja bintu, anapigana. Wa miaka kama uyu ananyamaza, na bantu banamusifu."

Nikamwuliza imetoka wapi. Akasema hajui yote. Lakini akanieleza kitu ambacho sijawahi kusikia. Alisema ubongo wa mtoto wa miaka hii haujaisha kujengwa. Kwa urefu wanatupita, lakini ndani ya kichwa kazi bado ni nyingi: huku kunabomolewa, huku kunaunganishwa, mpaka apite miaka ishirini. Wakati huo ndipo njaa, hofu, na kupoteza watu vinapoingia ndani sana.

Hilo nililielewa kwa kazi yangu. Tanuru ikishapangwa matofali mapya, ukiitazama kwa nje imekwisha. Mtu asiyejua atasema washa. Lakini udongo wa katikati bado mbichi. Unawasha moto mdogo, siku nyingi, unaupandisha polepole. Ukikimbilia moto mkali, haipasuki mbele ya macho yako. Inapasuka ndani, na wewe unaendelea kuisifu.

Mimi nilimweka upande wa wakubwa kwa sababu ya urefu.

"Amepasuka?" nikamwuliza Mama Henriette.

"Muntu si tofali, papa. Anaweza kupona. Lakini anataka chakula kila siku. Anataka shule, bakamarade, barafiki ya miaka yake. Muntu ya kukaa naye bila kumusukuma. Pengine dawa, na munganga ya kichwa, kule Lubumbashi."

"Likasi tuna nini kati ya hivyo?"

Alikuwa ameinua vidole vyake kuhesabu. Akavishusha.

"Usimuache peke yake," akasema. "Na bamama ya maombi batoke. Leo."

Nimewafukuza. Mama Simone nilimwita mwizi. Alilia mbele ya watu, akasema ninapigana na Mungu.

3 Februari

Hakuna zamu tena. Nimesema tutakula sahani moja, wote watano, kila jioni, hata kama ni tonge moja kila mtu. Fortunée anaketi. Lakini hali chakula.

8 Februari

Amekula kidogo.

9 Februari

Hakula. Ricky amelilia chakula, amepiga sahani chini mpaka ikapinda. Bibiane alitaka kumchapa. Nikamshika mkono, nikamwambia amwache apige kelele. Zamani kelele hiyo iliniudhi. Sasa nikiisikia najua kwamba huyu mmoja yupo.

17 Februari

Mvua. Ninakaa naye mchana. Sikujua kukaa na mtoto ni kazi, tena ngumu kuliko shimo. Namsimulia ziwa, jinsi tulivyokuwa tunaanika dagaa mchangani. Sijui kama anasikia. Leo aliuliza, "Maji yake ni baridi?" Nikasema asubuhi ni baridi. Hakuuliza tena.

Lakini siku ninazokaa naye siendi kutafuta, na nisipokwenda kutafuta sahani ni nyepesi. Georges ametuma salamu kutoka Kakanda: "Mwambie Léon huzuni haijaze chungu." Najua. Naye haijui ile reli.

1 Machi

Mama Henriette ameondoka. Amekwenda kwa dada yake upande wa Zambia. Sikumlaumu, hajalipwa. Alipita kuaga, akamwuliza Fortunée kama bado anachoka kuamka.

"Ndiyo, mama."

"Asante ya kuniambia ukweli," akasema, akamkumbatia muda mrefu. Nje aliniambia, "Anasema. Angalia sana siku ataacha kusema." Nani nitamwuliza siku hiyo, hakuniambia, nami sikumwuliza.

9 Machi

Mama Simone amekuja. Nilisimama mlangoni. Akasema hakuja kuombewa, amekuja kumsuka. Alikaa na Fortunée kivulini mwa ukuta, akamsuka kichwa kizima bila kuimba. Nywele zilikuwa zinatoka mkononi mwake. Alizikusanya, akazificha ndani ya nguo yake ili mtoto asizione.

Nilimwita mwizi. Sijui tena mwizi ni nani.

15 Machi

Nimekwenda kuitazama tanuru. Bati la paa wameshaling'oa, mvua inaingia moja kwa moja. Niliingiza kichwa. Upande wote wa kushoto umeanguka, matofali yangu yamelala kwenye maji. Hata makaa yakija kesho, hii haitawaka. Mlinzi akaniambia, "Papa, chukua mbili tatu, tunaweka mafiga nazo." Nimechukua mawili.

22 Machi

Hakula.

23 Machi

Hakula.

26 Machi

Maji ya mchele. Yamekaa tumboni, hakutapika.

3 Aprili

Pasaka. Wasichana wa umri wake wamepita na magauni. Hatukuweza kumfikisha kanisani, aliinuka, akafika mlangoni kwetu, akarudi mkekani. Nilimwona Bibiane akilitoa gauni la Fortunée sandukuni, akalikunja tena, akaliweka chini, juu ya ile nguo ya shule.

10 Aprili

Mvua zimekatika. Asubuhi kuna ubaridi.

Jioni tulikuwa na bukari na lengalenga, yaani mchicha, sahani moja katikati. Ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Fortunée amelala mkekani, uso ukutani. Hajakaa nasi tangu Pasaka. Sehemu yake tunaikata pembeni, tunaifunika.

Ricky alimaliza upande wake, akaanza kunung'unika. Laure alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha sahanini, akakunja mikono mapajani, vizuri, kama mtu mzima.

"Minye niko sawa, mama," akasema. "Ricky akule yangu. Sina njaa."

Bibiane alikuwa amechoka, alikuwa anafulia watu nguo tangu alfajiri. Akampapasa kichwa.

"Ona mutoto ya kutulia," akasema.

Neno likabaki hapo. Bibiane akaweka mkono kinywani. Mimi niliona uso wa Laure, namna ulivyopata mwanga kwa sifa ile.

Fortunée aliinuka. Alishika ukuta kwanza, kisha akaja, akapiga magoti karibu na mdogo wake. Akachota tonge, akalichovya kwenye mboga, akaliweka kwenye kiganja cha Laure, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Kula," akasema. "Weye usianze."

"Yaya, sina—"

"Uko na njaa. Sema."

"Niko na njaa."

"Sema kwa nguvu."

"Niko na njaa!" Laure akaanza kulia, kilio kikubwa, cha mtoto wa miaka minane.

"Ndiyo vile," Fortunée akasema. "Lia. Kula."

Nikamsogezea yeye ile sehemu yake. Nilifikiri, labda sasa. Aliitazama, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba radhi. Akarudi mkekani, akageukia ukuta.

Laure alikula yote, akilia. Sehemu ya Fortunée tumeifunika kwa bakuli, kama jana.